Mwani Haukunjwi

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi, bahari ikiwa imetulia kama maji ya beseni, Ok Malsun alishuka na jembe lake la mpini mrefu kwenda kupalilia mwamba. Kila nyumba ya kijiji cha Geomdol ina mwamba wake chini ya maji, kama watu wa bara walivyo na mashamba yao, na mwamba usipopaliliwa wakati wa vuli mbegu za mwani hazishiki. Mtu anasimama maji kiunoni, anakwangua magugu na makombe madogomadogo yaliyoganda mpaka jiwe linabaki uchi, kisha anarudi nyumbani kungoja. Malsun alikuwa akiifanya kazi hiyo tangu alipoolewa. Mwani wenyewe ulikuwa haujaota miaka kadhaa sasa.

Maji yalikuwa ya uvuguvugu, kiasi cha kumwogeshea mtoto. Malsun aliyashukuru. Zamani kazi ile ilimla magoti mpaka siku ya tatu.

"Mama Gyutae!" aliita Mama Chilbok, mpiga mbizi mwenzake, ambaye alikuwa ameketi juu ya gati akimenya vitunguu saumu. "Unamkwangua nani huyo?"

"Mwamba wangu."

"Mwamba hauna hata chawa huo. Utautoboa."

"Na wako mbona umeota nywele?"

"Wangu umestaafu, shoga. Mimi na mwamba wangu tumestaafu siku moja, tumebaki kupiga soga."

Mbele yao, mbali kidogo na ufuko, lilikaa Birika. Hilo ni jina la kijiji. Jina lake la serikali lilikuwa refu na hakuna aliyelishika. Ulikuwa mtambo wa nyuklia uliojengwa juu ya chombo kipana kisicho na omo wala tezi, ukavutwa na meli mpaka pale na kufungwa kwa minyororo minne. Upande wa bahari kuu lilinyonya maji baridi kutoka chini, likapoza tumbo lake, kisha likayatema upande wa kijiji yakiwa moto. Mayai ya dagaa yaliingia mabichi yakatoka yameiva. Chewa walihama bila kuaga. Badala yao walikuja pono kutoka bahari za kusini, wakafika, wakalala, kama ilivyo kawaida ya pono. Samaki aliyevuliwa karibu na mdomo wa Birika alihitaji moto kidogo tu jikoni, na wanawake walilishukuru kwa kuwapunguzia gesi.

Walilishukuru kwa jingine pia, kubwa zaidi. Waswahili husema mtu mzima amekula chumvi nyingi. Geomdol hawataji chumvi. Wao wanasema mtu amekula miaka, na wanasema kweli, kwa sababu mwaka wenyewe huliwa kwenye bakuli. Siku ya kuzaliwa kwako unapikiwa supu ya mwani wa mwamba wa nyumba yenu. Ukiimaliza, umekula mwaka mmoja zaidi. Maji yalipopata joto, mwani wa kwanza ulitoka mfupi, wa pili ukawa laini kama majani ya saladi, na wa tatu haukutoka. Tangu hapo hakuna mtu wa Geomdol aliyekula mwaka. Malsun alibaki na sabini na nne. Watoto wa darasa la kwanza walibaki darasa la kwanza na sasa walijua kujumlisha kuliko mwalimu wao. Vijana waliokaribia kuitwa jeshini hawakuitwa, na mama zao walipeleka maandazi ya mchele kwenye ofisi ya Birika.

Si kwamba hawakujaribu mwani wa dukani. Mama Chilbok alinunua pakiti ya mwani wa Wando, kisiwa cha mbali, akapika, akala. Mwaka ukaingia sawasawa, lakini ulikuwa mwaka wa watu wengine. Wiki nzima aliongea kwa lafudhi ya Wando na kumgombeza mume ambaye hakuwahi kuolewa naye, akimuuliza ng'ombe amemfunga wapi. Baada ya hapo watu waliziacha pakiti dukani.

Nyumbani kwa Malsun shukrani zilikuwa na sababu ya pekee. Mumewe, Seok Deokbae, alikuwa na ugonjwa wa mapafu, na daktari wa mjini alikuwa amesema kwa upole kwamba mzee huyu hatafika themanini. Hakufika. Alikaa na sabini na tisa yake juu ya sakafu yenye joto, akisikiliza mpira wa besiboli redioni na kuwatukana warushaji. Daktari alipomwona mara ya mwisho alimpongeza kwa nidhamu.

Tatizo lilikuwa Yeonhwa.

Yeonhwa alikuwa mke wa Gyutae, mwana wao pekee. Alishika mimba, mimba ikakua vizuri, ikatimia, na mtoto hakutoka. Katika pwani ile watoto hawatoki wenyewe. Hutolewa na Bibi wa Uzazi, ambaye huwapiga kofi la matakoni ili watoke, ndiyo maana wanazaliwa na baka la buluu pale. Na Bibi wa Uzazi hamtoi mtoto mpaka aone sufuria la supu ya mwani jikoni, kwa sababu supu hiyo ndiyo mwaka wa kwanza wa mtoto na ndiyo damu mpya ya mama.

Alikuja kwa basi la mchana, bibi mfupi mwenye mkoba wa kitambaa. Alivua viatu, akaomba kahawa, akalalamika kuhusu dereva, kisha akafunua sufuria.

"Hamna kitu humu," alisema.

"Tunao huu, Bibi," alisema Malsun, akamwonyesha bakuli la mwani wa Wando ambao walikuwa wameupika kwa kubahatisha.

Bibi aliunusa. "Huu wa nyumba ya watu. Nikimtoa mtoto kwa supu hii, atakwenda kuzaliwa huko Wando, na mama yake yuko hapa. Mtaanza kutafutana." Akamgusa Yeonhwa tumboni, akasikiliza. "Mzima huyu. Hana neno. Nitafutieni mwani mmoja wa mwamba wenu, mrefu, mzima. Msiukate, msiukunje. Mwani ukikunjwa, na mtoto hukunjika. Mnajua wenyewe."

Walijua. Hata muuzaji wa mwani wa uzazi huubeba begani ulivyo mpaka mlangoni kwa mteja, awe na haraka namna gani.

Bibi alimaliza kahawa akawahi basi la kurudi. Majira yalipita, akaja tena, akakuta sufuria tupu, akanywa kahawa, akaondoka. Yeonhwa aliendelea na kazi yake ya kusuka na kukata nywele, akinyoosha mikono juu ya tumbo lake kumfikia mteja. Wateja walimsalimia mtoto kwanza, kisha mama. Kila ving'ora vya Birika vilipolia kwa sababu ya yavuyavu, yale madude ya ute yanayoziba mdomo wake, mtoto alijibu kwa teke.

"Sijalala chali mpaka nimesahau ilikuwaje," Yeonhwa alimwambia mama mkwe wake siku moja, akiwa ameegemea mlango. Hakuwa akilia. "Namshukuru, Mama, mwenyewe hanisumbui. Ila ningependa kumwona. Mtu niliyekaa naye muda wote huu, sijamwona hata uso."

Malsun alimkanda mgongo. Ndiyo kisa cha kwenda kupalilia mwamba ambao kila mtu alijua hauoti.

Jioni ya siku ile ya kupalilia, Gyutae alirudi kutoka kazini akinuka ute. Zamani alikuwa mvuvi; sasa Birika lilimlipa kuondoa yavuyavu kwenye nyavu za mdomo wake, na hao hawakuisha. Alikaa, akamega kipande cha figili iliyochachuliwa, akasema kama mtu anayesimulia hali ya hewa:

"Mnyororo wa tatu umeota ndevu."

"Ndevu gani?" aliuliza Deokbae.

"Mwani, Baba. Mmoja tu, lakini mrefu, acha kabisa."

Malsun aliweka kijiko chini. "Upande upi?"

"Upande wa kunyonya. Huko maji bado baridi. Na si unajua wanaikwangua ile minyororo kila vuli, isishike uchafu."

"Wanapalilia," alisema Malsun.

"Hawaiti hivyo."

"Waite wanavyotaka. Kila vuli?"

"Kila vuli."

Deokbae alicheka mpaka akakohoa. "Miaka yote tunakwangua jiwe, kumbe mbegu zimeona shamba zuri zaidi zikahamia. Hata mimi ningehama."

"Ni wetu huo," alisema Malsun. "Mwamba wetu ndio uliokuwa unatazamana na mnyororo wa tatu. Mbegu imetoka kwetu."

"Mama, kuna maboya ya njano pale. Hairuhusiwi."

"Mimi na maboya hatujatambulishwa."

Kesho yake, jua likiwa juu na kijiji kizima kinatazama, alivaa suti yake ya mpira, akajifunga kiunoni mkanda wa vyuma vya kumzamisha, akaogelea na boya lake la wavu. Mama Chilbok alimfuata mpaka mwisho wa gati akimpigia kelele.

"We bibi! Ukifa huko nani atanilipa vitunguu vyangu?"

"Siwezi kufa, sijala mwaka!"

"Ukizama je?"

"Basi nitazama nikiwa na sabini na nne!"

Alizama. Juu maji yalikuwa ya moto, pono wamelala kila mahali, hawajui desturi za pale, hata kumpisha mkubwa hawajui. Aliwasukuma kwa kiwiko akapita. Chini zaidi aliingia kwenye baridi kama mtu anayefungua mlango wa nyumba ya wazazi wake. Baridi ile alikuwa ameisahau. Ilimuuma meno, akaifurahia. Mnyororo wa tatu ulishuka gizani, kila pete kubwa kama gurudumu, na kwenye pete mojawapo mwani ulisimama umenyooka, mweusi wa kijani, mrefu kumpita yeye mara mbili, unapepea upande wa kijiji. Aliung'oa na mzizi wake. Akapanda nao juu, akatoa pumzi kwa ule mluzi ambao wapiga mbizi wa kule hutoa wakiibuka, na mluzi ukakutana na kipaza sauti.

"Bibi mpendwa," kilisema, "tunakuheshimu sana. Tafadhali ondoka eneo la usalama."

"Niheshimu kimyakimya," alijibu Malsun, "nimeshika kitu."

Aliyeshika kipaza sauti alikuwa Bwana Pyo, afisa uhusiano wa Birika, kijana msafi kutoka mji mkuu, aliyesimama kwenye boti ya walinzi akiwa na viatu vya ngozi. Malsun alijiandaa kugombana. Lakini Bwana Pyo alipoona kilichomo mikononi mwake, uso wake ulifunguka kama dirisha.

"Umeota kwetu huo?"

"Umeota kwenye mnyororo wenu. Lakini ni wa nyumba yangu."

"Umeota kwetu!" alirudia Bwana Pyo, na machozi yalimlengalenga kweli. "Bibi, wanasema sisi tunaua bahari. Unajua wanavyoniita huko kwenye mikutano? Na mwani huu hapa! Tutakupa. Tutakupa rasmi, mbele ya watu, kesho asubuhi ukumbini."

"Nipe sasa hivi, mwanangu. Kuna mtu anausubiri."

"Kesho, Bibi. Utaratibu. Usiku mmoja tu, utakaa kwenye maji baridi, tunayo mengi."

Walinzi walikuwa wamekwisha kuupokea kwa heshima. Malsun, akiwa majini na mikono mitupu, alimnyooshea Bwana Pyo kidole.

"Sikiliza vizuri. Usiukate. Usiukunje. Ubebwe mabegani ulivyo, hata kama ni mbele ya waziri. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi. Kabisa. Usikatwe."

Ukumbi ulijaa. Palikuwa na kitambaa kilichoandikwa kwamba bahari na Birika ni majirani wema, na palikuwa na mpiga picha. Yeonhwa aliketi mbele, tumbo lake kwenye kiti cha pili. Bwana Pyo aliingia na sanduku zuri jekundu lenye utepe wa dhahabu, la kupeana zawadi za sikukuu, na sanduku lenyewe lilikuwa na urefu wa mkono.

Wanawake wa Geomdol walilitazama sanduku. Kisha wakamtazama Malsun.

Bwana Pyo alifungua kifuniko. Mwani ulikuwa humo, haukukatwa hata kidogo, umepanguswa, unang'aa. Ulikuwa umekunjwa mara tatu kwa unadhifu, kama shati.

Mpiga picha alipiga picha. Ndipo Mama Chilbok akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka tu kujua:

"Mwanangu Pyo, wewe ulizaliwa kwa mwani gani?"

"Nilizaliwa hospitali, Bibi."

"Inaonekana."

Bwana Pyo alicheka, akidhani ni utani wa kijijini. Hakuwa mtu mbaya. Sanduku ndilo lililokuwa fupi. Malsun alilipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akasema asante, na asante yake ilikuwa ya kweli, kwa sababu mwani uliokunjwa bado ni mwani, na juzi hakuwa nao hata huo.

Bibi wa Uzazi alifika kwa basi lilelile la mchana. Alifunua sufuria, akavuta mvuke puani, akatikisa kichwa akikubali. Kisha akauona mkunjo kwenye jani.

"Nani kaukunja huu?"

"Wageni," alisema Malsun.

"Haya. Kuzaliwa atazaliwa. Ila atatoka alivyopikwa." Akavua koti. "Leteni maji ya moto."

"Ya bomba au ya bahari?"

"Ya bahari si moto tayari? Lete hayo, usipoteze gesi."

Yeonhwa alikula bakuli la kwanza, la pili, la tatu. Katikati ya la tatu unywele mmoja mweupe ulimtoka utosini, kwa kuwa na yeye alikuwa amekula mwaka, akacheka. Bibi akapiga kofi lake, na mtoto akatoka bila shida yoyote, msichana, mzito, mwenye baka la buluu. Alikuwa amekunjwa mara tatu: uso kwenye magoti, magoti kwenye kifua, na kiwiliwili chenyewe kimelala katikati kama blanketi kabatini. Hakulia. Alipumua taratibu humo ndani ya mikunjo yake, na Yeonhwa alimpokea hivyo hivyo, akamweka kifuani, akalala chali.

"Msimlazimishe," alisema Bibi wa Uzazi akivaa koti. "Maji vuguvugu na kiganja. Atafunguka." Alikataa kulipwa, akachukua vitunguu saumu vya Mama Chilbok vilivyokuwa mlangoni, akaenda kuwahi basi.

Sufuriani kulibaki kijiko kimoja cha supu, chenye kipande cha mwani kama ukucha. Yeonhwa alisema ni cha Baba. Mtu aliyengoja mjukuu wake hivyo apate walau kuonja. Malsun alikibeba kile kijiko mpaka chumba cha mumewe, mkono wake wa pili ukiwa umekinga chini yake.

Deokbae alikitazama. Ilikuwa harufu ya nyumba yao, na alikuwa hajainusa siku nyingi. Alikuwa mtu ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kukataa chakula.

"Cha nani?"

"Chako. Themanini yako."

Alifumba mdomo akaufunika kwa kiganja. Macho yalicheka juu ya vidole.

"Nimeshiba," alisema humo kiganjani.

Malsun akakila yeye. Akawa na sabini na tano, na goti la kushoto likaanza kumuuma palepale.

Walimfungua mtoto kwa maji ya bahari. Mkunjo wa kwanza uliachia haraka, wakauona uso: pua ya Deokbae, bahati mbaya. Wa pili ulichukua muda, kisha mikono ikatoka, mmoja baada ya mwingine, ikanyooka ikashika nywele za mama yake. Wa tatu ulifunguka lakini ukaacha alama, mstari mwembamba uliopita kiunoni kutoka ubavu hadi ubavu, kama ule unaobaki kwenye shati jipya. Wakampa jina Bareum, maana yake aliyenyooka. Mama Chilbok alisema jina hilo ni matusi, kisha akaleta mablanketi manne.

Bwana Pyo alikuja na ile picha ikiwa kwenye fremu. Alikuwa na habari njema na alishindwa kukaa nazo. Baada ya mambo ya mwani wakubwa walikuwa wamekagua minyororo kwa makini, wakaamua kuipaka rangi mpya, ya kisasa, ambayo hakuna kitu kinachoweza kuishika.

"Hata mbegu?" aliuliza Malsun.

"Hata mbegu, Bibi. Usalama kwanza."

Malsun alimmenyea pea, akampa kipande kikubwa kwa ncha ya kisu, akamshukuru kwa picha. Bwana Pyo alipoondoka, Yeonhwa, ambaye alikuwa akinyonyesha kando ya dirisha, aliuliza bila kugeuka:

"Mama, Bareum atatembea lini?"

"Akila mwaka wake wa pili."

"Eeh," alisema Yeonhwa. Aliutazama mguu wa mwanawe, nyayo zake ambazo hazijakanyaga kitu, akazifunika zote mbili kwa mkono mmoja. Hakuuliza tena, siku hiyo wala nyingine.

Mtoto alipomaliza kunyonya, Malsun alichovya viganja kwenye ndoo ya maji ya bahari akausugua ule mstari wa kiunoni, kama alivyofanya kila mchana, akielekea Birika na kusema asante kwa maji yenye joto. Kisha akamkabidhi kwa babu yake. Deokbae alipunguza sauti ya redio, akamlaza juu ya kifua chake kibovu, ambapo alipanda na kushuka na kila pumzi.

"Usiwe na haraka, mjukuu wangu," alimwambia. "Mimi na wewe tunao muda wote."

Bareum akampiga teke la mbavu, akitafuta pa kusimamia.